Geneva, Mji wa Mikutano

Tafuta nchi ya Uswisi katika ramani ya Ulaya. Geneva ni mji wake ulio kando ya ziwa. Mwaka 1815 mataifa makubwa yalikubali kuwa Uswisi haitakuwa na upande vitani. Ndiyo maana mahasimu hukubali kukutana huko. Lakini kukutana si kupatana.

Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa, akaomba msaada kwa Ethiopia iliyovamiwa na Italia. Mwezi uliofuata vikwazo dhidi ya Italia viliondolewa!

Oktoba 1976 akina Joshua Nkomo na Robert Mugabe walikutana huko na Ian Smith kuzungumzia uhuru wa Zimbabwe. Mkutano uliahirishwa Desemba, wala haukuitishwa tena. Vita viliendelea mpaka mapatano ya London, Desemba 1979.