Kome na Samaki: Kufundisha Mageuko bila ya Neno "Ili"

Mwaka jana niliketi nyuma ya darasa la kidato cha nne, nikimwangalia mwanachuo wangu akifundisha mageuko ya viumbe. Mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni: "Kome alijitengenezea chambo ili amdanganye samaki." Mwanachuo akampa vema, somo likaendelea. Katika sentensi hiyo fupi mna kosa liwezalo kuliharibu somo zima, nalo limejificha katika neno "ili".

Mfano wenyewe ulikuwa mzuri. Kome wa maji baridi hatembei mbali. Lava wake, wasiofikia nusu milimita, hushika matamvua au mapezi ya samaki. Ngozi ya samaki huwafunika, nao hukaa humo kwa majuma kadhaa mpaka wageuke kome wachanga na kudondoka chini. Walio wengi hufa bila ya kumpata samaki. Baadhi ya kome wa jamii ya Lampsilis, katika mito ya Marekani, wana nyama ukingoni mwa gamba iliyofanana na samaki mdogo: ina doa kama jicho, ina mkia, nayo huchezacheza. Samaki mla samaki wa jamii ya Micropterus (waliopata kupandikizwa hata katika Ziwa Naivasha, Kenya) huirukia, na lava humwagika kinywani mwake.

Hapa mwalimu aulize swali moja, kisha anyamaze: kome hana macho ya kumwona samaki, basi sura hiyo aliijuaje?

Hakuijua. Macho yaliyochagua ni ya yule samaki mla samaki. Kome ambaye nyama yake ilifanana kidogo zaidi na windo alirukiwa mara nyingi zaidi, na watoto wake wakapata matamvua ya kushika. Ikawa hivyo kizazi baada ya kizazi.

Nimeona zoezi hili likifaa. Kila mwanafunzi achore doa lolote. Mmoja asimame hatua kumi mbali, achague michoro mitano inayomkumbusha samaki. Wenzake wainakili haraka, makosa yao yabaki. Rudieni mara nane au tisa. Sharti ni kwamba wanaonakili wasijue mchaguaji anatafuta nini. Nilipolifanya mara ya kwanza nililisahau sharti hilo. Wakachora kwa kumpendeza mchaguaji, na zoezi likafundisha kosa lile lile nililotaka kuling'oa.

Mageuko ya pamoja nayo yasisemwe ovyo. Kome aitwaye Epioblasma triquetra humbana samaki kichwa kwa magamba yake na kumpulizia lava. Percina caprodes hustahimili, kwa kuwa fuvu lake ni imara. Samaki wadogo wengine mara nyingi hufa. Darasa litasema mara moja kwamba fuvu liliimarika kwa ajili ya kome. Lakini samaki huyo hupindua mawe kwa pua akitafuta wadudu, na kazi hiyo yatosha kulieleza fuvu lake. Ushahidi wa upande wa samaki utafutwe kwingine, hasa katika kinga ya mwili: samaki asiyefaa huwatoa lava baada ya siku chache, na hata anayefaa, akishaambukizwa mara kadhaa, huwatoa wengi kabla hawajakomaa. Ndiyo sababu aina nyingi za kome hutegemea samaki wachache tu. Mabwawa yakimzuia samaki huyo, kome huzeeka bila ya watoto. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliziondoa aina 8 za kome katika orodha ya viumbe wanaolindwa, kwa kuwa zimekwisha kutoweka.

Walimu wa kandokando ya maziwa yetu wasidhani jambo hili ni la ng'ambo tu. Mwaka 1961 Geoffrey Fryer alichapisha maelezo ya Mutela bourguignati wa Uganda, ambaye mtoto wake hukua juu ya samaki wa jamii ya Barbus, akipenyeza mirija mwilini mwake na kujipatia chakula.

Yule mwanafunzi nilimwomba aiandike upya sentensi yake. Alifikiri kitambo, kisha akaandika: "Kome waliofanana na samaki mdogo walirukiwa zaidi, na watoto wao wakaishi." Safari hii vema nilimpa mimi.