Ukienda Rubondo kumvua sangara

Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800, na msafiri mwenye fimbo yake ya kuvulia hujiuliza aanzie wapi. Mimi humwelekeza Rubondo, kisiwa cha kusini-magharibi ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Nyavu za biashara haziruhusiwi humo, hivyo sangara anapata nafasi ya kukua.

1. Anzia kwenye kibali. Waulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kuhusu uvuvi wa burudani kabla hujafunga mizigo. Boti za kisiwani huondokea Nkome, Geita, au Kasenda, upande wa Chato. Ukitokea Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limekuondolea foleni ya kivuko.

2. Nahodha akisema tungoje, ngojeni. Hili nalisisitiza kuliko yote. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Pepo za kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa, na mawingu ya radi hujijenga huko wakati wewe umelala. Alfajiri inaweza kuonekana shwari ufukoni huku kule mbele kumechafuka. Jioni sikiliza utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), asubuhi mwache nahodha atazame anga, na jaketi okozi livae kabla ya kupanda boti. Siku moja ya kunywa chai kambini haijawahi kumdhuru mvuvi.

3. Fuata mawe. Sangara mkubwa huvizia kwenye ncha za miamba, pale kina kinaposhuka ghafla. Boti iende taratibu huku ikiburuta samaki wa bandia anayefanana na furu au sato mdogo. Usizamishe chambo hadi kwenye tope: miezi ya joto maji ya chini kabisa hupungukiwa oksijeni, na sangara hakai pasipo na hewa.

4. Akiruka, inamisha fimbo. Kwanza mshipi unakaza na fimbo inapinda. Kisha anaibuka, mdomo wazi, akikitikisa kichwa ili aiteme ndoana. Inamisha ncha ya fimbo, lakini mshipi usilegee. Mwache akimbie, umvute anapopumzika. Akifika ubavuni mwa boti, mtazame jicho: jeusi, limezungukwa na pete ya njano inayong'aa. Mimi sijawahi kulichoka jicho lile.

5. Mkubwa mrudishe majini. Sangara wakubwa wengi ni majike, na jike mmoja hubeba mayai kwa mamilioni. Aliye chini ya sentimita 50 sheria yenyewe inamlinda. Lowesha mikono, mshike tumboni kwa mikono miwili, picha iwe ya haraka, na usimning'inize kwa taya. Mshikilie ndani ya maji mpaka aondoke kwa nguvu zake. Najua samaki huyu aliletwa ziwani miaka ya 1950 na akamaliza aina nyingi za furu. Hasara ile inaniuma. Lakini leo familia nyingi za mialoni, kuanzia Musoma hadi Bukoba, zinamtegemea yeye, na mgeni hana haki ya kuwapunguzia.

6. Usioge ziwani. Mamba na viboko wapo, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono kuna kichocho.

7. Tenga nusu siku ya msituni. Kuna nzohe, na kuna sokwe ambao wazazi wao wa kwanza waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960.

8. Kula samaki ukirudi Mwanza. Katika soko la Mwaloni Kirumba utamwona sangara akigawanywa: minofu, mapanki (mifupa inayobaki), na bondo, kibofu chake cha hewa, ambacho bei yake kwa kilo inaipita kwa mbali ile ya nyama. Wewe agiza supu ya kichwa, ndimu na pilipili kando, na ugali wa muhogo kama upo.