Ukifika Nyumbani kwa Finn Juhl, Chuchumaa

Ukiwa Copenhagen na una nusu siku isiyo na kazi, panda treni uende Charlottenlund, kaskazini mwa jiji. Huko ndiko msanifu Finn Juhl alikojijengea nyumba mwaka 1942, akaishi humo hadi alipofariki 1989. Tangu 2008 iko wazi kwa wageni, chini ya jirani yake, jumba la makumbusho la Ordrupgaard.

Kabla ya kukata tiketi, angalia ratiba ya nyumba yenyewe, maana si lazima ifuate saa za jumba kubwa. Treni za mjini zitakufikisha Klampenborg au Lyngby, na toka hapo unadaka basi namba 388. Desemba jua la Denmark huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo nenda mapema. Dari za vyumba zilipakwa rangi ili zicheze na mwanga wa mchana, na ukichelewa hutaliona hilo hata taa zikiwashwa zote.

Anza na nyumba, michoro ya Ordrupgaard ifuate baadaye. Ukifanya kinyume chake utaingia kwa Juhl macho yamekwisha kuchoka, nawe utaona viti tu.

Ndani hutakalia kitu. Inaudhi, kwa sababu kiti kimeumbwa kikaliwe, lakini mbao na ngozi hizi zina umri wa kuitwa babu. Dawa yake ni kuchuchumaa. Juhl alisanifu kutoka ndani kwenda nje: alifikiria kwanza mtu atakaa wapi na atatazama nini, kuta zikafuata. Shusha macho hadi usawa wa mtu aliyeketi na nyumba inabadilika: chumba kinafungukia chumba kingine, na mwisho wa macho kuna bustani. (Mwenye magoti mabovu amwombe mwenzake achuchumae kwa niaba yake.)

Sebuleni tafuta Kiti cha Chifu cha mwaka 1949, kile ambacho Mfalme Frederik wa Tisa alikikalia kwenye maonyesho ya maseremala. Usikiangalie kwa mbele pekee, zunguka ukitazame ubavuni na, ukipata upenyo, mgongoni. Mbao zinazobeba na ngozi inayobebwa zimetenganishwa, hata kalio na egemeo vinaonekana kama vinaelea. Kisha tazama maungio. Juhl alisomea usanifu wa majengo, hakuwa seremala; michoro yake ilipata mwili mikononi mwa fundi Niels Vodder, na ni ustadi wa Vodder unaouona pale miti miwili inapokutana bila kuonyesha mshono. Kwa maoni yangu, fundi huyu hasifiwi vya kutosha.

Halafu tafuta Kochi la Mshairi la mwaka 1941, na picha ya Hanne Wilhelm Hansen, mwenzi wa Juhl, iliyochorwa na Vilhelm Lundstrøm. Vitazame kwa pamoja. Kochi hilo ukiliona peke yake kwenye duka la samani ni kochi zuri tu, basi. Humu utaona jinsi mikunjo yake inavyozungumza na mistari ya picha.

Mtanzania ana sababu yake ya ziada. Ukumbi wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York, uliokamilika mwaka 1952, ni kazi ya Juhl, na mbele ya Baraza hilo ndipo Mwalimu Nyerere aliposimama mwaka 1955 kuitetea Tanganyika. Ukitoka Denmark, tafuta picha za ukumbi huo uzilinganishe na ulichokiona sebuleni.

Mizigo mikubwa iache hotelini, vyumba ni vidogo na begi la mgongoni halina macho. Kuhusu picha, muulize mhudumu kwanza.