SOMO: JIKO LILALE NJE

Mwezi wa 6 na wa 7 huku Singida baridi ni kali. Wengine wetu tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga mlango, tunalala. Eti mkaa ukishakuwa mwekundu hauna neno! Si kweli. Unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki. Kichwa kinauma, mwili unalegea, na aliyelala huenda asiamke.

Marekani wapo wanaochoma kuni nje. Maji ya moto hupita kwenye mabomba kuingia ndani. Mabomba hayo hatuna, lakini sufuria tunayo. Chemsha maji nje, yapoe kidogo, tia katika dumu, funga kizibo barabara, zungushia kanga, weka kitandani miguuni.

Swali: Jana usiku jiko lenu lililala wapi?