Mbwa Amemeza Nini?

Mbwa na paka wetu humeza hata visivyo chakula: gunzi la mahindi, soksi, sindano yenye uzi, betri ndogo ya saa. Gunzi halisagiki tumboni. Huziba utumbo, na mnyama aweza kufa.

Dalili: hutapika mara kwa mara, hutokwa na mate mengi, hukataa chakula, tumbo huvimba, hushindwa kwenda haja.

Tufanye nini?

1. Tusimtapishe wala kumnywesha mafuta. Kitu chenye ncha huchana koo kikirudi, na mafuta yaweza kuingia mapafuni.

2. Uzi ukining'inia mdomoni au nyuma, tusiuvute. Waweza kukata utumbo.

3. Tumpeleke upesi kwa daktari wa mifugo.

Tena tukumbuke: kinachofikiwa na mbwa sakafuni hufikiwa pia na mtoto anayetambaa. Betri hiyo ndogo ikikwama kooni mwa mtoto yaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Tusingoje dalili, tumkimbize hospitali.

Kila jioni, kabla ya sala ya familia, tufagie na kuokota.