Ndugu wa Toka Nitoke Mbele ya Sheria ya Kuasili

Kabla sijaenda mbali, tuondoe kwanza utata wa neno. Wengi wetu darasani tukisikia "kuasili" akili hukimbilia "kuasi", kana kwamba kuna mtu amevunja amri. Sivyo. Kuasi ni kukataa kutii. Kuasili mtoto ni kumchukua mtoto ambaye hukumzaa, ukaenda mbele ya mahakama, ukatoka huko akiwa wako kabisa, wa jina lako na urithi wako, na huwezi kumrudisha eti kwa sababu ameanguka mtihani. Nilipotaja mada hii chamani mwenzangu mmoja aliniuliza, "Hiyo si kazi ya mawakili?" Labda. Lakini nina sababu yangu, nitaifikia.

Hebu tuanzie New York, Marekani. Mwaka 1961 walizaliwa pacha watatu, wavulana. Wakiwa na umri wa miezi 6 shirika lililoshughulika na kuasilisha watoto likawagawa kwa familia tatu, na hakuna familia iliyoambiwa kwamba mtoto wao ana wenzake. Kumbe kulikuwa na watafiti waliotaka kuona kama watoto wa damu moja watakua sawa wakilelewa nyumba tofauti! Walikuja kupimwa na kupigwa picha miaka nenda miaka rudi, na wazazi wakidhani ni ukaguzi wa kawaida. Mwaka 1980 mmoja wao, Robert Shafran, aliingia chuoni siku ya kwanza akashangaa watu wasiomjua wanamkumbatia na kumwita Eddy. Eddy Galland alikuwa amesoma hapo kabla yake. Habari ilipotoka magazetini wa tatu, David Kellman, akaona picha akajiona yeye mwenyewe mara mbili. Walikuwa na umri wa miaka 19.

Unaweza kuuliza, sheria ilikuwa wapi? Jibu ni kwamba sheria ya kuasili, kwa umbo lake la zamani, haikuwa na macho ya kumwona ndugu. Iliwaona watu watatu tu: mzazi anayetoa, mzazi anayepokea na mtoto. Idhini inatafutwa kwa mzazi ama mlezi, na kwa mtoto mwenyewe akiwa mkubwa wa kutosha. Dada yake haulizwi. Kisha amri ikishatolewa, mtoto anahesabiwa kama aliyezaliwa na hao waliomwasili, na haki za wazazi wa kwanza zinakoma. Hapa kwetu Kenya pia ndivyo ilivyo, na jina la mtoto huingizwa katika rejista ya watoto walioasiliwa. Jambo hili lina wema wake, maana linampa mtoto kwao pasipo wasiwasi. Lakini kisu kinachokata kamba ya mzazi hukata na ya ndugu, hata kama hakuna aliyekusudia.

Polepole mataifa yakaanza kuliona. Tarehe 18 Desemba 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwongozo kuhusu malezi mbadala ya watoto. Humo imesemwa kwamba ndugu waliozoeana wasitenganishwe wanapowekwa katika malezi hayo, isipokuwa kuna hatari ya wazi ya kudhulumiwa ama sababu nyingine yenye maslahi kwa mtoto. Na wakitenganishwa, kila juhudi ifanywe ili waendelee kuwasiliana. Marekani nayo, ile ile ya wale pacha, ilitunga sheria mwaka 2008 inayotaka majimbo yafanye juhudi za kutosha kuwaweka ndugu nyumba moja, kwa malezi ya muda ama kwa kuasiliwa, na ikishindikana watembeleane mara kwa mara. Uingereza, sheria yake ya watoto ya 1989 inasema mtoto anayetunzwa na serikali ya mtaa awekwe pamoja na ndugu yake inapowezekana.

Inayonifurahisha zaidi ni ya Afrika Kusini. Sheria yao ya 2005 inasema nyumba moja ya malezi ya muda isipewe watoto zaidi ya 6. Ila kama ni ndugu, hesabu hiyo inaweza kupitwa. Yaani mtunga sheria alikaa akafikiria wale saba wa tumbo moja, akaona asiwe yeye wa kumwambia wa saba abaki nje.

Lakini soma tena maneno hayo, "inapowezekana", "juhudi za kutosha". Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia vielezi ndivyo vinavyobeba sentensi. Hapa vielezi vimebeba watoto.

Na kwa Kenya? Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imejengwa juu ya neno hilo, na mwongozo wa serikali wa malezi mbadala wa 2014 unataka ndugu wawekwe pamoja. Kesi ya kuasili inapofunguliwa mahakama huteua mtu wa kuangalia maslahi ya mtoto na kuandika ripoti. Kwa maoni yangu huyo ndiye mlango wa ndugu. Hakimu hawezi kumfikiria mtoto ambaye hajatajwa.

Sasa nieleze yangu. Mamangu alifariki mwaka 2019, nikiwa na miaka 9. Baada ya mazishi wazee walikaa chini ya mwembe mpaka jioni. Mimi nikapewa mjomba, dada akabaki na nyanya, na kitinda mimba wetu wa miaka 2 akachukuliwa na shangazi anayeishi mbali sana. Hakukuwa na mahakama wala karatasi, na siwalaumu; hakuna aliyekuwa na uwezo wa kulisha watatu. Ila hatukuulizwa. Miaka mitatu ikapita kabla sijamwona yule mdogo. Siku hiyo alinisalimu kwa mkono kama mgeni, kisha akajificha nyuma ya shangazi.

Kwa hiyo tulipojadili jambo hili chamani nilidhani nitasema tu, "Wasitenganishwe kamwe," nipigiwe makofi nikae. Msichana wa kidato cha pili akanikwamisha. Alisema: chukua mtoto mchanga na kaka yake wa miaka 12 katika makao ya watoto. Wanaotaka mchanga wamepiga foleni, wa kumtaka kaka hakuna. Je, mchanga azuiwe amngojee kaka, mpaka naye awe mkubwa wasimtake wote wawili? Ama aende? Nilikosa jibu, na mpaka sasa sina zima. Kuna hata ndugu anayempiga mwenzake vibaya, huyo kumtenga ni kumwokoa mwingine.

Nilichomjibu baada ya siku mbili ni hiki. Aende, kama kweli kumetafutwa nyumba ya wote wawili ikakosekana, na kutafuta huko kuandikwe ili hakimu akuone. Lakini kwenda kusiwe kupotea. Wanaomchukua waambiwe kwamba kuna kaka, na wakubali mbele ya mahakama atamwona lini na wapi. Wale wazazi wa New York walipojua walikasirika sana kwamba walifichwa. Akaniuliza, na wakikubali leo wakahama kesho? Hapo pia alinipata.

Basi mtu wa kwenu akienda kwa afisa wa watoto kuhusu mayatima, asiseme "mtoto" tu. Ataje ndugu wote, umri wao na wanakoishi, na ahakikishe yameingia katika faili. Shangazi yangu hakuwa na faili. Alikuwa na picha moja ya mazishi, tumesimama watatu, na nyuma yake ameandika majina yetu kwa kalamu nyekundu. Humwonyesha yule mdogo kila Jumapili, na likizo ya Aprili alipokuja kwetu aliibeba ndani ya daftari lake la hesabu.