Kidhibiti Joto cha Mashine ya Kutotolesha Vifaranga: Namna ya Kukipanga na Kutambua Hitilafu Zake

Kuku anapoatamia hufanya kazi tatu bila kufundishwa na mtu: huyapa mayai joto, huyageuza, na huyatunzia unyevu. Kaya inayonunua au kuunda mashine ya kutotolesha huzichukua kazi hizo zote mikononi mwake kwa muda wa siku 21. Kati ya vifaa vyote vya mashine hiyo, kile kidogo kuliko vingine ndicho kinachobeba dhamana kubwa zaidi, nacho ni kidhibiti joto. Kikikosea kwa usiku mmoja tu, trei nzima za mayai huweza kupotea, na mwenye mashine asijue mpaka siku ya 21 ipite pasisikike mlio wa kifaranga hata mmoja. Kwa kikundi kilichoanzisha mradi kwa fedha za mkopo, hasara hiyo huendelea kulipwa muda mrefu baada ya mayai kutupwa.

Somo hili linaeleza jinsi kidhibiti kinavyofanya kazi, namna ya kukipanga kabla ya kuweka mayai, na dalili za kumwongoza mfugaji pale mambo yanapokwenda kombo.

Kifaa kinavyofanya kazi

Kidhibiti kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi joto, yaani ule waya wenye ncha ya chuma unaoingia ndani ya mashine. Ya pili ni kioo chenye namba na vitufe vya kupangia. Ya tatu ni swichi ya ndani inayowasha na kuzima balbu. Mlio wake wa "tik" husikika kila inapobadilika. Kihisi kikisoma joto lililo chini ya kiwango, swichi huwasha balbu. Kiwango kikifikiwa, huzima. Kwa hiyo kidhibiti hakijui hali ya yai lenyewe. Kinajua tu hali ya mahali ilipo ncha ya kihisi. Ncha ikilala karibu na balbu, kidhibiti kitadhani mashine nzima ina moto, kitazima mapema, na mayai yatabaki na baridi. Ikigusa ukuta au ikikaa mlangoni, balbu zitawaka kupita kiasi. Mahali pake sahihi ni usawa wa mayai, katikati ya trei, mbali na balbu na mbali na chombo cha maji.

Namba za kupanga

Mfugaji hupanga mambo matatu. La kwanza ni kiwango cha joto. Mashine yenye feni hupangwa kati ya nyuzi 37.5 na 37.8 za Selsiasi. Mashine isiyo na feni huwa na joto lisilolingana, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu. Hiyo hupimwa usawa wa juu ya mayai na kupangwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.

La pili ni tofauti ya kuwasha, yaani ni kwa kiasi gani joto lishuke kabla balbu hazijawaka tena. Kiwango kikiwa 37.7 na tofauti ikiwa 0.4, balbu huzima kwenye 37.7 na kuwaka joto linapofika 37.3. Baadhi ya vidhibiti hutoka dukani tofauti ikiwa nyuzi 2, nafasi ambayo ni kubwa mno kwa mayai. Tofauti ya 0.3 hadi 0.5 inatosha.

La tatu ni hali ya kazi. Vidhibiti vingi vidogo huweza kutumika kupasha au kupooza, na mara nyingi herufi H huonesha kupasha na C kupooza. Kidhibiti kilichoachwa kwenye kupooza huwasha balbu wakati ambapo joto limekwisha kupanda, na huzidi kuziacha zikiwaka. Mayai hupikwa humo humo.

Kukihakiki kabla ya kukiamini

Namba iliyo kwenye kioo si lazima iwe kweli. Mfugaji achukue kikombe cha maji ya vuguvugu yenye joto la karibu nyuzi 38, atumbukize ncha ya kihisi pamoja na kipimajoto cha homa, akoroge polepole, kisha asome vyote viwili kwa wakati mmoja. Kipimajoto kikionesha 37.8 na kidhibiti 37.2, kidhibiti kinasoma pungufu kwa 0.6. Kiasi hicho huongezwa kwenye sehemu ya masahihisho. Iwapo kidhibiti hakina sehemu hiyo, kiwango hushushwa kwa 0.6, ili kioo kinaposomeka 37.1, joto la kweli liwe 37.7.

Baada ya hapo mashine iendeshwe saa 24 bila mayai, na joto liandikwe asubuhi, mchana na usiku wa manane. Aidha, mfugaji azime umeme kisha auwashe, aone kama namba alizopanga zimebaki. Mayai yakishawekwa, joto litashuka kwa saa kadhaa kwa sababu yenyewe ni ya baridi. Haifai kugusa vitufe wakati huo, kwani anayepandisha kiwango kwa haraka huamka na kukuta joto limepita kiasi.

Hesabu ya umeme

Balbu zinazofaa ni zile za nyuzi, kwa kuwa balbu za kisasa za kubana umeme hutoa joto dogo mno. Balbu mbili za wati 60 zikiwaka nusu ya muda hutumia wastani wa wati 60. Kwa saa 24 na siku 21, hiyo ni takribani uniti 30. Ni busara uniti hizo ziwemo kwenye mita ya LUKU, pamoja na za matumizi ya nyumba, kabla yai la kwanza halijawekwa. Uniti zikiisha saa nane usiku, hakuna atakayejua mpaka kupambazuke. Balbu mbili ni bora kuliko moja, kwani moja ikiungua nyingine hupunguza hasara.

Hitilafu na dalili zake

Kioo kikionesha herufi au mistari badala ya namba, aghalabu waya wa kihisi umekatika au umechomoka. Balbu zisipowaka ilhali "tik" inasikika, zichunguzwe balbu zenyewe na viunganishi. Joto likiendelea kupanda ingawa kidhibiti kinaonesha kimezima, swichi ya ndani imeganda. Hii ndiyo hitilafu ya hatari kuliko zote, kwa sababu joto likipita nyuzi 40 kwa muda huua viinitete. Kinga yake ni kidhibiti cha pili kinachounganishwa kwa mfuatano na cha kwanza na kupangwa nyuzi 1 juu yake. Cha kwanza kikishindwa, cha pili hukata. Kazi zote za nyaya zifanywe na fundi umeme anayestahili, naye ahakikishe kwanza kama kifaa ni cha volti 12 au 220.

Mayai yenyewe nayo hutoa ushahidi. Vifaranga wakitoka siku ya 19 au mapema siku ya 20, joto lilikuwa juu. Wakichelewa hadi siku ya 22 au 23, lilikuwa chini. Wakifia ndani ya ganda baada ya kulitoboa, unyevu uchunguzwe kwanza. Unyevu unaofaa ni asilimia 50 hadi 60 kwa siku 18 za mwanzo, na 65 hadi 75 kwa siku tatu za mwisho. Ili kuuongeza, chombo cha maji kiwe kipana zaidi. Kuongeza kina hakusaidii. Mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku, na huachwa kugeuzwa siku ya 18.

Umeme unapokatika

Baridi ya saa chache haiui kama joto la kupita kiasi. Katika siku za mwanzo, mashine ifungwe na kufunikwa blanketi, wala isifunguliwe kwa udadisi. Baada ya siku ya 18 matundu ya hewa yasizibwe, kwa kuwa vifaranga wanaokaribia kutoka huhitaji hewa nyingi na hutoa joto lao wenyewe. Mayai yasitupwe kwa kukata tamaa. Yapimwe kwa tochi gizani baada ya siku kadhaa, na yale ambayo kiinitete chake kinaendelea kukua yabaki.

Kabla ya siku ya 21

Kifaranga akitoka, kazi ya kidhibiti haijaisha. Chumba cha kulelea huhitaji nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha joto hupunguzwa kwa takribani nyuzi 3 kila wiki. Mfugaji aonane na Afisa Mifugo wa Kata mapema, mayai yakiwa bado mashineni, ili ratiba ya chanjo ya kideri iandaliwe. Kumbukumbu za joto za siku 21 zipelekwe ofisini hapo pamoja na idadi ya mayai yaliyowekwa na vifaranga waliotoka. Kwa karatasi hiyo moja, afisa ataweza kuonesha ni siku gani kosa lilitokea, na awamu inayofuata haitarudia hasara ile ile.